Uso wa Baba Kwenye Beseni

Mama aliishika picha ya marehemu baba kichwa chini miguu juu, akatabasamu, akasema, "Nzuri, mwanangu." Nilipandwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Macho yake yalikuwa yamebakiwa na weusi mzito juu ya weupe basi. Kijivu chote kwake kilikuwa ukungu. Na daktari alishatuambia kwamba hata huo weusi hautakaa sana.

Kaka yangu, tunayemwita Wakili kwa kuwa hashindwi neno, alisema niipeleke kwa watu wa kompyuta, waikoleze weusi. Nikamwambia ya baba nitaisafisha upya mwenyewe kutoka negativu yake, kwenye chumba cha giza alichotuachia. Nilikuwa na dawa ya lithi, ile inayotoa weusi wa makaa. Karatasi za kizamani zinazoikubali zilikuwa zimebaki tatu tu kwenye boksi lake, na siku hizi hazipatikani.

Lithi ina maringo. Karatasi hukaa ndani ya dawa kimya mpaka ukate tamaa, halafu weusi huanza kuita weusi wenzake, na hapo mambo huenda mbio. Dawa isipopita sawasawa juu ya karatasi nzima, picha hutoka na mabaka. Ya kwanza ilitoka na baka shavuni. Ya pili, nusu ya paji la uso ilikuwa nyeusi tii, nusu haijaamka.

Nilitukana kwa sauti. Mama akagonga mlango.

"Nifungulie."

"Mama, humu giza."

"Mimi na giza tumeshazoeana."

Akaja kusimama kando ya beseni. Zamani, kabla hatujazaliwa, yeye ndiye aliyekuwa akimtikisia baba dawa. Nikaipiga mwanga karatasi ya mwisho, nikaizamisha yote kwa mara moja, nikaanza kutikisa. Mama akatega sikio.

"Mbona dawa inasimama?"

"Haisimami."

"Inasimama. Ikifika upande wako unainua kona. Unamchungulia."

Ilikuwa kweli. Tangu ile ya kwanza, kila macho ya baba yalipoanza kujitokeza nilikuwa nainua ukingo nimwone, na dawa yote inakimbilia upande wa pili.

"Hata yeye nilimwambia hivyo hivyo. Sikio la kufa halisikii dawa," akasema, akanisukuma kwa nyonga. Akalishika beseni kwa mikono miwili, akaliinamisha kushoto, kulia, mbele, nyuma, bila haraka, uso ameuelekeza ukutani. "Wewe kazi yako kuniambia lini."

Chini ya taa nyekundu nyusi zikaja pamoja. Kisha mashavu, yote mawili, bila baka. Weusi ulipoanza kukimbia niliogopa: nikiwahi, atakuwa ukungu, nikichelewa, atakuwa kaa.

"Sasa," nikasema, nikaichomoa.

Nilipomaliza kuikaza kwa dawa ya kuzuia weusi usiendelee, na kuiosha, nikampelekea dirishani ikiwa bado inachuruzika. Mama akaipokea, akaigeuza taratibu mpaka kichwa kikawa juu. Akaisogeza karibu na pua.

"Kola imepinda," akasema.

Nikasogea kutazama. Imepinda kweli, upande wa kushoto, na miaka yote hiyo sikuwahi kuigundua. Machozi yakanitoka.

"Nilimwambia ainyooshe," akasema Mama. "Akanijibu, nani ataiona."