Blenda ya Fundi Bango

Siku ya kuzaliwa ya mkewe ilipokaribia, Meneja alitembea kifua mbele kana kwamba yeye ndiye aliyezaliwa. Alikuwa meneja wa ghala la saruji, na umeneja huo aliurudisha nyumbani kila jioni pamoja na vumbi la viatu. Mkewe alikuwa mchoraji wa mabango. Duka la dawa, saluni, gereji, mpaka ofisi ya wakili pale njia panda, zote zilijulikana kwa herufi za mkono wake, na mtaa mzima ulimwita Fundi Bango.

Walipooana tu, Meneja alimletea seti ya sufuria. Miaka iliyofuata vikaja visu, pasi, kisha kikaango kisichoshika chakula, ambacho Meneja mwenyewe alikikwangua kwa kijiko cha chuma akitafuta ukoko. Ilipofika siku yake yeye, alijinunulia saa na viatu vya ngozi. Hakuna aliyewahi kusikia amejizawadia koleo la ghalani.

Fundi Bango alishukuru kila mara, kwa sauti ile ile anayomshukuria mteja anayemfundisha kushika brashi.

Mwaka huu Meneja aliona zawadi bila mashahidi ni hasara. Akaalika wafanyakazi wenzake, akaweka mezani boksi kubwa lenye utepe mwekundu, akasimama na glasi mkononi.

"Ukitaka kujua kama mwanamume anampenda mkewe," alisema, "ingia jikoni kwake. Mimi wangu sitaki ateseke!"

Makofi. Boksi likafunguliwa, ikatoka blenda ya kioo, ina vitufe vingi kuliko redio.

"Sasa nitakuwa napata juisi yangu kila asubuhi," Meneja akaongeza, bila hata kuvuta pumzi katikati.

"Shemeji, una bahati!" mgeni mmoja akapaza sauti. "Mimi wa kwangu hata mwiko sijawahi kumnunulia." Akacheka mwenyewe, tena kwa fahari.

Fundi Bango akaipakata ile blenda. "Ni yangu?"

"Ya kwako wewe."

"Yangu kabisa, niitumie nitakavyo?"

Meneja akawageukia wageni. "Jamani, mimi ni mtu wa kutoa zawadi halafu naweka masharti?"

"Hapanaaa!" wakaitikia.

"Basi asante sana, mume wangu," alisema Fundi Bango, na safari hii ilitoka moyoni.

Kesho yake asubuhi Meneja alikaa mezani, amenyoa, amefunga tai, mbele yake glasi tupu. Matunda yalikuwepo kwenye sinia. Blenda haikuwepo, wala mke. Akasubiri, akaita, akaona anajiitia mwenyewe. Akatoka kwa hasira mpaka kwenye karakana ya mkewe, nyuma ya duka la kinyozi, na kabla hajafika mlangoni akaisikia inanguruma.

Ndani ya kioo kile, njano na buluu zilikuwa zinakimbizana, zinageuka kijani.

"Unafanya nini wewe?"

"Nakoroga rangi." Uso wa Fundi Bango uling'aa. "Hebu ona, haina donge hata moja! Nilikuwa nakoroga kwa kijiti mpaka bega linakufa ganzi. Kwa kweli hujawahi kunipa zawadi nzuri kama hii."

Hakuwa anamkejeli hata kidogo, na hilo ndilo lililomchoma Meneja zaidi.

"Hicho ni chombo cha jikoni!"

"Ni chombo changu."

Kinyozi akachungulia dirishani, mteja wake kamwacha na nusu kichwa. "Meneja, si ulisema haina masharti? Habari imeshafika huku."

Meneja akaona kesi hii inahitaji ngazi ya juu. Akampigia simu mama yake. Bibi yule akafika mchana, akavuta kigoda, akakaa karibu na mashine, akawa anaitazama inavyozunguka.

"Mama, zungumza na mkweo. Nimemnunulia kitu cha maana, yeye anakitia rangi."

Mama hakumtazama. "Ulipozaliwa wewe, baba yako alikuja hospitali na sufuria. Kubwa, imefungwa utepe. Manesi wakapiga vigelegele, eti nimepata mume. Niliporudi nyumbani, na nyuzi zangu hata hazijatolewa, nikaitumia kuwapikia wageni waliokuja kukutazama."

"Lakini uliipenda, Mama. Mpaka leo unayo."

"Ninayo kwa sababu haitoboki. Nilichotaka siku ile ni mtu aniletee chai kitandani."

Meneja akalegeza tai. "Sasa mimi nitajuaje mtu anachotaka?"

"Kwani huo mdomo kazi yake ni kunywa juisi tu?"

Kinyozi alicheka mpaka ikabidi aweke wembe chini. Fundi Bango hakucheka. Alikumbuka kwamba yeye mwenyewe, juzijuzi tu, alimpelekea mama huyu birika na vikombe, akajiona mkwe mwema kupita wote. Akainamisha kichwa, akajifanya anatafuta mfuniko wa kopo.

Meneja hakukubali kushindwa. Akanunua blenda yake, akaiweka kabatini kama siri ya serikali. Jumapili akajaza embe, akabonyeza kitufe, mfuniko akausahau. Embe likapanda darini, likashuka ukutani, likamwingia mpaka kwenye kola.

"Mke wanguuu!"

Fundi Bango akaja, akatazama juu. "Blenda ya nani hii?"

"Yangu."

"Basi na dari leo ni lako." Akarudi sebuleni kumalizia chai yake.

Meneja akapanda kiti na kitambaa. Ndipo alipogundua kwamba nyuzi za embe hujificha chini ya visu, na kwamba juisi yake ya asubuhi ina kuosha, kusuuza na kukausha ambavyo hotubani hakuvitaja. Tangu hapo akawa mtu wa maji ya kunywa.

Mwaka ulipozunguka, zikiwa zimebaki siku chache kabla ya siku ya kuzaliwa ya mkewe, akamfuata uani akikuna shingo.

"Hivi... wewe unataka nini?"

Fundi Bango aliacha kuanua nguo, akamgeukia. Miaka yote hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo, na jibu halikuwepo tayari mahali popote. Swali lilimtia uchungu, kisha likamtia raha.

"Nipe muda nifikirie," alisema.

Akalifikiria njiani, akalifikiria karakanani, brashi mkononi, anatabasamu peke yake. Akawaza safari, akawaza gauni, akawaza kulala mpaka saa nne bila kuulizwa soksi ziko wapi. Alipokuja kushtuka, bango jipya la wakili lilikuwa limeandikwa "Walaji wa Mahakama". Akacheka mpaka machozi, akachukua kitambaa, akaanza upya.