Fuwele Iliyopuliziwa Pumzi

Daktari wa macho alipowasha leza ya kliniki yake, alitegemea kuona nukta ya kijani kwenye karatasi nyeupe. Hakuona kitu. Kaka yake, aliyemuuzia mashine hiyo na kuifanyia matengenezo asubuhi ile, alikuwa ameegemea mlango, mikono mfukoni. Kitini alikaa mama yao, kidevu tayari juu ya kishikio. Mishipa ya jicho lake moja ilikuwa inavuja damu. Isipozibwa, jicho linakwenda.

"Umegusa nini humu ndani?" daktari aliuliza.

"Nimesafisha. Kile kijiwe kilikuwa na vumbi, nikakipulizia pumzi, nikakifuta kwa shati. Sasa kinameremeta."

Daktari alimtazama kama atazamavyo sahani iliyooshwa nusu. Kijiwe. Leza ile ilianza na mwanga usioonekana. Ni kijiwe hicho, yaani fuwele, ikilazwa kwa pembe yake barabara, iliyounganisha chembe mbili za mwanga huo zikawa moja ya kijani. Na kijani ndicho kinachonywewa na damu, ikapata joto, mshipa ukaziba. Lakini fuwele yenyewe hunyonya unyevu kama chumvi, ikaingia ukungu. Kaka ameitendea kama miwani yake ya jua.

"Kijani ni rangi tu, mdogo wangu. Tazama kipimo, nguvu imejaa tele."

Kweli kipimo kilipanda. Kilipima mwanga wowote, hata ule ambao haukugeuzwa, ambao ungeipita damu na kwenda kuunguza nyuma ya jicho.

"Msikilize kaka yako," mama alisema. "Yeye kazoea mashine."

Ilikuwa sauti ile ile ya tangu utotoni. Kifungua mimba hakosei, hata alipozamisha baiskeli ya mdogo wake mtoni.

Daktari alimwinua mama taratibu, akafuta kishikio kwa spiriti, akakigeuza kiti kuelekea mlangoni.

"Njoo ukae wewe, kaka. Chagua jicho."

"Mimi macho yangu mazima."

"Ndiyo maana tutajua upesi."

Kaka alicheka peke yake, akatazama saa, akasema kuna mteja anamngoja. Kitini hakusogea.

Mama alimtazama mwanawe wa kwanza kwa jicho lile zima. Kisha akachukua mkoba wake na kumshika binti yake daktari mkono.

"Twende hospitali kubwa."

"Niwasindikize?" kaka aliuliza.

"Baki," mama alisema. "Uendelee kupuliza."