Ng'ambo Hadi Jumatatu

Mume wa fundi cherehani alikuwa na ugonjwa wa kila Ijumaa jioni: lazima akumbuke kitu cha kuazima kwa mama yake, ng'ambo ya barabara kuu. Mara nyundo, mara chumvi. Akishavuka tu, magari ya watu wa mjini wanaokwenda kustarehe yanaanza kupita kama yanafukuzwa na nyuki, na kurudi ni hadi Jumatatu.

"Ningekuja, mke wangu!" hupaza sauti kutoka kibarazani kwa mama yake, mdomo umejaa. "Lakini roho ninayo moja tu!"

Fundi alimhurumia miaka minne mizima, akishona peke yake, watoto wakimpungia baba yao mkono kama msafiri wa meli.

Kisha Jumamosi moja daraja la kule mbele likafungwa kwa matengenezo. Barabara ikawa kimya. Kuku wa mama mkwe akavuka na vifaranga wake, akasimama katikati kujikuna, akaendelea. Fundi akaweka mkasi chini, akangoja.

Mume akaja ukingoni. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akazungushia mdomo viganja, akapiga kelele katika ule ukimya:

"Leo magari yamezidi, mke wangu! Tuonane Jumatatu!"

Fundi akaingia ndani, akafungasha nguo zote za mume, akavuka barabara kwa mwendo wa bibi harusi, akautua mzigo miguuni pake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

"Siwezi, mama," akasema, akiigeukia lami tupu. "Magari ni mengi."