Pakiti ya Saba

Usiku wa jana niliota nimeitwa kwenye kikao cha wazazi, na kikao kilikuwa ndani ya kabati letu la koridoni. Nikaingia, nikafunga mlango.

Kwenye benchi vimekaa vipimo vinne vya mimba. Ni vile nilivyomlazimisha binti yangu Tulinagwe ajipimie, tangu hedhi yake ilipokoma mwezi wa tatu.

"Wewe mama," kimoja kikasema, "tumesema hapana mara nne. Unataka tuseme kwa lugha gani?"

"Msichana wa miaka kumi na tisa hakosi siku zake bure. Nitajieni mwanaume."

"Hakuna mwanaume."

Nyuma yao zimepangwa pakiti saba za pedi, moja kwa kila mwezi niliomnunulia. Sita zimeinamisha vichwa. Ya saba inanitazama.

Kabati likawa mtaa, na mtaa ulikuwa ndani ya mwili wa Tuli. Watu wafupi waliojitwisha sukari wanapiga hodi mlango kwa mlango. Hakuna anayesema karibu.

"Ninyi ni nani?"

"Insulini, mama. Kazi yetu ni kuifungulia sukari mlango. Hapa hawatusikii, kwa hiyo tunaletwa wengi zaidi."

Wakaletwa. Hodi, hodi, hodi, mpaka mabati yanatetemeka. Nikakimbilia nyumba ya mwisho.

Ilikuwa ovari. Mayai madogo yamejipanga ukutani kama shanga, hakuna linalokomaa.

"Tutakomaaje na makelele haya?" likaniuliza moja. "Hodi zikizidi, nyumba hii inatengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Kidevu cha mwanao umekiona?"

"Nimeona chunusi. Nikamwambia aache chipsi."

"Ukaishia hapo."

Daktari akatokea, mwanamke aliyevaa gambuti. Nikamwambia anipe dawa ya kumaliza jambo hili leo leo, nina kazi.

"Haliishi, linatulizwa," akasema. "Atembee kila siku, apunguze wanga na sukari, anywe dawa tutakazompa. Lakini kwanza aje apimwe. Damu isiposhuka muda mrefu, ukuta wa mji wa mimba unanenepa. Ukiachwa hivyo miaka, unaweza kuleta saratani."

"Muda mrefu ni miezi mingapi?"

Ukuta nyuma yangu unanenepa. Ni laini, una joto, unanisukuma kifuani kwa daktari, naye hashtuki. Napiga kelele, sauti haitoki.

Pakiti ya saba ikasema sikioni mwangu, "Vipimo umeviuliza mara nne. Yeye umemuuliza lini anaumwa nini? Nifungue."

Nikaamka. Kumekucha, shuka limelowa jasho. Nikaenda moja kwa moja kwenye kabati la koridoni.

Pakiti ya saba ilikuwa imechanwa kwa chini na kubandikwa tena kwa gundi. Ndani hamkuwa na pedi. Mlikuwa na wembe, kioo kidogo, na pamba yenye vinyweleo vyeusi na doa la damu.

Nikaenda mlangoni kwa Tuli. Katika nyumba yangu sijawahi kumpigia mtu hodi. Nikapiga.

Nikapiga tena.

"Mama, kama ni kipimo, mimi sina mimba."

"Najua," nikasema. "Nataka tuende wote hospitali. Nisamehe, mwanangu."

Kitanda kililia. Nikabaki nimesimama na ile pakiti mkononi, nasubiri aseme karibu.