Mzee Taratibu

Uchovu una daraja zake, jamani. Kuna ule wa kulala ukaamka umepona, na kuna ule unaoamka nao. Mama Pacha, nesi wa zahanati, alikuwa na huu wa pili. Jumamosi hiyo alitoka zamu mchana, tangu asubuhi anachoma sindano watoto wanaopiga mateke, miguu imemvimba, mgongo unawaka moto. Akamkuta mumewe sebuleni mbele ya kompyuta, anaandika huku anacheka peke yake.

"Umerudi?"

"Nimerudi."

Basi. Maongezi ya siku yakawa ndiyo hayo.

Baba Pacha alikuwa mwalimu wa udereva, na mapumziko yake yote aliyamalizia kwenye mchezo wa mtandaoni uitwao Milki ya Ukungu. Humo watu wa kila pembe ya dunia hujigeuza mashujaa na wachawi, wakatembea porini, wakauziana panga, wakapigana na wanyama. Yeye hakuingia kupigana. Alikuwa mwongozaji. Alijivika joho la bluu, akasimama kwenye lango la Mji wa Kwanza, akawapokea wageni ambao hata kutembea hawajui. Akawafundisha kushika upanga, kufungua mkoba, kusoma ramani. Bure kabisa! Na wageni wale walimpenda, wakambandika jina: Mzee Taratibu.

Taratibu! Mama Pacha aliposikia jina hilo mara ya kwanza alitaka kucheka, akashindwa.

Maana yeye naye alikuwa na la kujifunza. Mkuu wa zahanati alimwambia kuna nafasi ya nesi wa kuwatembelea wagonjwa majumbani. Gari lipo, mafuta yapo, kinachotakiwa ni leseni tu. Ingekuwa nafuu kwa miguu yake, tena alipenda kukaa na wazee na kuwasikiliza. Na mume mwalimu wa udereva anaye ndani, atafute nini nje? Wakaenda uwanjani. Siku ya kwanza mume alisonya. Siku ya pili akapiga dashibodi kwa kiganja. Siku ya tatu: "Breki! Breki, wewe mwanamke! Nimesema kulia, unakwenda wapi? Unakula kwa mkono gani?" Mama Pacha akazima gari katikati ya uwanja, akachukua mkoba wake, akarudi nyumbani kwa miguu. Tangu hapo habari ya gari haikutajwa tena.

Angeweza kusema ndivyo alivyo, mtu wa hasira, nimeshamzoea. Lakini wiki hiyohiyo alikuja mama mmoja kupima presha, mwanafunzi wa mumewe, akaanza kummwagia sifa mwalimu wake palepale kwenye kitanda cha wagonjwa. "Mume wako ni mtu wa peponi, nesi. Nimegonga nguzo mara mbili, hajawahi kunipandishia sauti." Mama Pacha alitabasamu, akaukaza ule mkanda wa kipimo mpaka mgonjwa akaguna.

Kwa hiyo, msomaji, Mama Pacha hakuwa tena akiiwaza leseni. Alitaka kujua jambo moja tu, nalo lilimnyima usingizi: mume wake hana subira, au hana subira na yeye?

Jumamosi hiyo basi akaingia chumbani, akarudisha mlango, akajilaza na simu mkononi. Alikuwa ameshaupakua ule mchezo. Ukamwuliza jina, na vidole vyake bado vilinuka vitunguu vya mapishi ya jana. Akaandika: Kitunguu.

Akatokea kwenye lango la Mji wa Kwanza, kisichana kifupi chenye rungu, na papo hapo akaanza kuparamia ukuta. Anabonyeza mbele, anaparamia. Anabonyeza nyuma, anarudi kuparamia tena. Joho la bluu likamsogelea.

"Karibu, Kitunguu," yakaandikwa maneno juu yake. "Ukuta huo ni imara, wengi wameshaujaribu. Weka kidole upande wa kulia wa kioo, ukisogeze polepole. Hapa hakuna anayekufukuza."

Mama Pacha akaangalia ukuta wa chumba chake. Nyuma ya ukuta huo, hatua chache tu, mtu aliyeandika maneno haya alikuwa anakunywa chai.

Akaambiwa ageuke kulia. Akageuka kushoto, makusudi kabisa, akasubiri msonyo.

"Sawa, twende kushoto," akaandika Mzee Taratibu. "Nako kuna njia."

Loo! Nako kuna njia! Mama Pacha alitaka kumrushia mto.

Wakafika kwenye majani marefu, wakakutana na nguruwe mwitu, mnyama mdogo kabisa wa milki nzima. Nguruwe yule akamwangusha Kitunguu kwa pigo moja. Kioo kikawa kijivu, na Kitunguu akazindukia makaburini, ng'ambo ya mto. Ndivyo mchezo ulivyo: ukifa unarudi kwa miguu mwenyewe, mpaka pale ulipoangukia. Na waongozaji wana mwiko wao: hawamuulii mgeni mnyama wake, hata iweje. Mgeni akianguka, mwongozaji huketi majanini palepale, akangoja.

Mama Pacha akarudi anajikokota. Joho la bluu limeketi, limekunja miguu, linamngoja.

"Kwa nini usimuue wewe tukaendelea?" akaandika.

"Nikimuua mimi, utakuwa umejifunza kunitazama tu. Mwendee tena. Mimi nipo."

Akamwendea, akafa. Akarudi, akafa tena. Safari moja alipotelea mtoni, akazunguka weee mpaka kichwa kikauma, na aliporudi akamkuta mwenzake bado ameketi. Kila mara neno ni lilelile: nipo. Mama Pacha alitega sikio ukutani akitafuta hata msonyo wa siri. Hakuna. Mtu alikuwa anaimba chinichini, wimbo ule aliokuwa akimwimbia enzi za uchumba.

Hapo sasa uchovu wote ukamshukia kwa pamoja. Si wa miguu. Alikuwa amechoka kuwa mtu wa ndani, ambaye hafunguliwi mlango kwa sababu ufunguo anao. Akaandika, "Samahani, nakuchosha."

"Hunichoshi hata kidogo," likaja jibu. "Kujifunza ndiko huku."

Machozi yakamtoka. Hayakuwa ya hasira, wala hayakuwa ya furaha, yalikuwa yanatoka tu. Na katika kulia huko vidole vikafuata mazoea ya miaka, vikaandika: "Asante, Baba Pacha."

Akautuma ujumbe kabla hajausoma.

Sebuleni wimbo ukakatika. Kiti kikasukumwa. Mlango ukafunguliwa, na Baba Pacha akasimama akimtazama mkewe, kisha simu, kisha mkewe tena.

"Ni wewe? Kitunguu ni wewe?"

"Ni mimi."

Alicheka, maskini! Alicheka kwa furaha ya kweli, akapiga makofi. "Kumbe! Mke wangu yumo mchezoni, na mimi sijui! Ungeniambia tu, mama." Akaketi kitandani ubavuni mwake, bega kwa bega, uso umemchangamka kama siku pacha wao walipopata nafasi shule ya bweni. Mama Pacha akafuta macho, moyo ukamlegea. Akawaza, pengine nilikosea. Pengine hakuwahi kuniona vizuri, na leo ameniona.

"Haya, mwendee nguruwe," akasema mume. "Tumalize."

Akamwendea. Kidole kikateleza.

"Kulia," akasema Baba Pacha.

Kikateleza tena.

"Kulia, Mama Pacha. Kulia! Si huko! Kwani nimesema wapi? Nimekuelekeza saa nzima na bado... ah!" Akasonya. "Hebu lete."

Akamnyang'anya simu. Mapigo mawili, nguruwe akalala chali, na juu ya kichwa cha Kitunguu zikawaka nyota za ushindi. Baba Pacha akamrudishia simu, ameridhika kabisa, kama aliyembebea mkewe ndoo ya maji.

"Umeona? Rahisi tu."

Mama Pacha aliutazama mzoga wa nguruwe kwa muda mrefu. Kisha akaizima simu, akaiweka kifudifudi kitandani. Hakuwa na hasira. Hata hiyo ingehitaji nguvu.

"Jumatatu najiandikisha kujifunza gari," akasema.

"Vizuri! Nitapanga ratiba, twende uwanjani wote..."

"Kwa Domo."

Domo alikuwa mwalimu wa udereva kama Baba Pacha, mwenye sauti ya king'ora. Wanafunzi waliwahi kushuka garini mwake wakilia, mmoja aliruka gari likiwa bado linatembea.

"Domo?" Baba Pacha akasimama. "Una wazimu? Domo atakufokea kuanzia asubuhi mpaka jioni! Domo anafoka kuliko mimi mara kumi!"

"Najua anafoka," akasema Mama Pacha, akageukia ukutani na kujivutia shuka. "Lakini yeye anamfokea kila mtu."