Waridi Iliyotiwa Kiza

Kama uliwahi kuishi Kanazawa ukawa na kimono kabatini, basi ulimjua Tokie, na kama hukumjua ulimkimbia. Wanawake walikuwa wakivuka barabara wakimwona anakuja darajani na mwavuli wake. Si kwamba alikuwa mtu mbaya, hata kidogo. Alikuwa na duka la kimono za kale, yeye na mdogo wake Michiyo, na nguo za kale alizipenda kuliko alivyowapenda watu wengi wazima wenye akili zao. Shida ilikuwa ulimi. Tokie hakuweza kumwona mwanamke kakosea kuvaa akanyamaza. Alimsimamisha palepale njiani, hata kama hawajawahi kuonana.

"Mama, samahani, huo mshipi umekaa kama mto wa kulalia. Hebu geuka." Kabla mwenzake hajajibu, mikono ilishafika mgongoni, inavuta, inakaza, inapiga kofi dogo la kumaliza kazi. "Haya, nenda. Sasa umekuwa mtu."

Kwenye mshipi angalau alikuwa anakutengeneza. Kwenye rangi alikuwa anakuvunja moyo. Pale kwao rangi ina umri wake. Waridi na nyekundu ni za wasichana, na ukishapita miaka arobaini unashuka taratibu kwenye buluu, kijivu, rangi ya chai, na nguo za ujana unampa binti yako au unampelekea mtia rangi azitie kiza ziendane na wewe. Sheria hiyo Tokie aliijua kuliko walioitunga. "Mama wee, hiyo waridi umemwibia nani?" aliwahi kumuuliza mtu kituo cha basi, mbele za watu, na yule mama akacheka kwa adabu huku uso umemwiva.

Kila mwaka dada hawa wawili walifunga duka, wakavaa kimono nzuri kuliko zote walizonazo, wakapanda treni. Tokie hakuolewa, Michiyo alifiwa na mume mapema, na hizo safari ndizo zilizokuwa raha yao. Walifika Nara, walifika Nagasaki, walikwenda kaskazini kwenye theluji wakaharibu viatu na kucheka njia nzima. Walisema nguo iliyofichwa gizani miaka sitini ina haki ya kutembezwa. Mahali pamoja tu hawakuwahi kukanyaga: Yoshino, kwenye mlima wa sakura, ile miti ya maua ya machipuko. Hapo Tokie alipaweka akiba kwa ajili ya kimono moja.

Kimono hiyo aliinunua Kyoto akiwa na miaka thelathini na minane, kwenye gulio la hekaluni, chini ya rundo la mashuka. Hariri ya waridi, waridi ile ya kiganja cha mtoto mchanga, na pindoni matawi ya sakura yaliyochorwa kwa mkono, ua baada ya ua, na fundi aliyekwisha kufa kabla Tokie hajazaliwa. Alipoijaribu palepale juu ya nguo zake, muuzaji aliacha kupiga kelele za biashara akabaki kumtazama. "Hii naivaa Yoshino," Tokie akasema.

Mwaka wa kwanza ikanyesha mvua. Wa pili mama yao akaugua. Likatokea hili, likatokea lile, mwisho ikawa hakuna kinachotokea ila yeye mwenyewe: "Bado. Siku yake haijafika." Ngoja ngoja huumiza matumbo, tunaambiwa tangu utotoni, lakini nani anasikia? Siku moja aliitoa kwenye karatasi zake aipunge hewa, akaiweka begani, akajitazama kiooni, na kile kioo kikamwonyesha mwanamke wa miaka hamsini na kitu. Akaikunja upya. Michiyo alimwona, akajifanya anatafuta mkasi.

Tokie alipofika miaka sitini na minane, kongosho likaugua. Daktari, kijana mpole, akamwambia majira haya ya machipuko ayafurahie, ya kiangazi asiyapangie sana. Tokie akamshukuru, akamwambia tai yake imepinda.

"Twende Yoshino," alimwambia mdogo wake wakiwa njiani kurudi nyumbani. Akasema kama anazungumzia kwenda sokoni. "Mwishoni mwa Machi, kabla maua hayajafunguka."

Michiyo alisimama njiani, kwa sababu kila mtu anayejua kuvaa anajua kwamba nguo ya sakura huvaliwa maua yakiwa bado machanga. Ukiivaa miti imechanua unashindana na miti, na miti haishindwi. "Dada, utaivaa ile?"

"Ile ipi?"

"Usijifanye. Ile."

"Mimi? Kikongwe mzima nivae waridi? Watu waseme ugonjwa umepanda kichwani? Wenzangu nimewavua mji mzima, leo nivae mimi? Acha masihara, Michiyo. Navaa ya kijivu."

Lakini alasiri ya siku iliyofuata, Michiyo alipanda ngazi na chai mkononi akamkuta mbele ya kioo. Ile kimono ilikuwa mabegani mwake. Alikuwa amekonda hata hariri ilimzunguka mara mbili, na kwa mkono mmoja alikuwa anaipapasa pindo kama mtu anayembembeleza mtoto. "Laiti ingekuwa na kiza kidogo," alikiambia kioo. "Kidogo tu."

Michiyo akashuka na chai yake, machozi yanamtoka. Sasa nikuulize wewe, ungekuwa wewe ungefanya nini? Dada yako anakufa, kitu anachokitamani maisha yake yote kiko pale, kimezuiwa na rangi tu, na kwa masikio yako umesikia anachotaka. Asubuhi iliyofuata, Tokie alipokwenda hospitali kutundikiwa dripu, Michiyo aliichukua kimono akaiweka nyingine katika karatasi zilezile, akakimbia na furushi lake kwa mzee Terai, mtia rangi wa kando ya Mto Asano.

Mzee Terai aliikunjua akapitisha kidole kwenye maua ya pindoni. "Bibi Michiyo, hii ni kazi ya mkono. Mwenyewe anajua?"

"Ameomba mwenyewe."

"Nitie kiza kiasi gani?"

"Cha umri wa dada."

Mzee akaitikia kwa kichwa, maana kiasi hicho kinajulikana. "Hariri ikishakunywa rangi, haitapiki. Umenielewa?" Michiyo akasema ameelewa, akamwomba aharakishe, na njia nzima ya kurudi alikuwa anatabasamu peke yake, anaiona sura ya dada yake siku atakapofungua zile karatasi.

Siku chache baadaye Tokie alirudi kutoka hospitali akiwa kimya, na Tokie akiwa kimya nyumba nzima inaumwa. Walikaa kula wali, samaki na achari ya figili. Yeye hakugusa kitu.

"Leo kitanda cha pili alilala mama mmoja anaitwa Hosoda," alisema hatimaye. "Ananitazama, ananitazama, kisha ananiuliza, wewe si yule wa darajani? Kumbe niliwahi kumsimamisha. Alivaa waridi, nikamuuliza amewaachia nini wasichana. Alikuwa anakwenda arusini kwa mdogo wake, Michiyo. Nguo ilikuwa ya marehemu mama yake. Akarudi nyumbani kubadilisha, akakuta wenzake wameshakaa kula. Na hakuivaa tena mpaka leo."

"Akakutukana?"

"Angenitukana ningepona! Amenishukuru. Yule mwanamke kanishika mkono kanishukuru, eti nilimwokoa na aibu." Tokie akaweka vijiti mezani. "Mwili umekwisha kama wangu, na bado ananishukuru. Nimejiona mchawi."

Michiyo akammiminia chai.

"Basi nimeamua," Tokie akasema, na uso wake ukabadilika, ukawa ule wa mwanamke wa kule gulioni Kyoto. "Naivaa. Ilivyo, na waridi yake yote. Waseme mpaka midomo iote sugu. Nataka mtu anisimamishe Yoshino aniulize nimemwibia nani. Nitamjibu nimejiibia mwenyewe, na leo nairudisha."

Alicheka. Tangu ugonjwa uanze alikuwa hajacheka hivyo. Michiyo naye akacheka, Mungu amsamehe, kwa kuwa hakujua uso auweke wapi.

Alfajiri alikuwa mlangoni kwa mzee Terai, hajachana nywele. Alichungulia uani. Kimono ilikuwa imetundikwa kwenye mwanzi, mikono imetanuliwa, inakauka. Rangi ya majivu yaliyoloa. Sakura za pindoni zilionekana kwa mbali tu, kama za mtu anayekumbuka. Ilikuwa nzuri, hilo lazima tuseme ukweli, mzee alikuwa fundi hasa. Michiyo alikaa chini kwenye mawe akalia kama mtoto, na mzee Terai aliyesimama na ndoo yake aliuliza tu, "Si ulisema ameomba mwenyewe?"

Michiyo hakungoja jioni. Aliingia dukani na furushi, akapiga magoti mbele ya dada yake, akafungua. Maji yamemwagika, na yakishamwagika hayazoleki.

Tokie aliivuta karibu. Aliinua mkono mmoja wa nguo, akaugeuza, akautazama ndani kama kwamba waridi huenda imejificha huko. "Nani alikwambia?"

"Wewe, dada. Ulisema laiti ingekuwa na kiza kidogo. Nilikusikia."

"Nilisema." Akauachia ule mkono wa nguo. "Mimi nimesema mangapi duniani, Michiyo? Miaka yote hii nabwata mchana kutwa, unanidharau, unaniambia dada funga mdomo. Neno moja, moja tu, la kijinga kuliko yote, ndilo ulilokwenda kulisikia?"

"Nilitaka uivae."

"Najua."

"Nilitaka tu uivae, dada."

"Nimesema najua! Usinililie hapa, utaitia chumvi hariri." Kisha akaingia chumbani akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao Michiyo akamsikia dada yake analia kwa sauti. Hakuthubutu kugonga. Alisimama ukumbini ameshika kitasa, anatamani dunia impasukie, na dunia, kama kawaida yake, haikupasuka.

Yoshino walikwenda. Tiketi zilikuwa zimeshakatwa, na Tokie alisema mwili hautangoja hasira iishe. Aliivaa. Michiyo alimfunga mshipi mwenyewe, taratibu, kwa sababu ya maumivu, akamkunjia hariri iliyozidi kiunoni ili asionekane alivyokwisha. Walipanda mlima kwa gari mpaka linapoishia, wakatembea hatua chache hadi kwenye benchi. Matumba yalikuwa bado yamefumba, vichwa vidogo vyekundu tu kwenye matawi.

Watu walipita. Na kila aliyepita aligeuka. Mama mmoja aliyevaa vizuri, mwenye umri kama wao, alisimama kabisa akainama kwa heshima. "Samahani kukusumbua, bibi. Nimeshindwa kupita. Rangi imekukaa! Ya umri wako hasa, na hizo sakura zilivyotulia... Siku hizi watu hawajui kuvaa. Vibibi vimejipaka waridi kama wanasesere. Wewe umefundishwa."

Tokie aliinama naye, kwa adabu kamili, mgongo umenyooka. "Asante sana," akasema. "Nilifundishwa na mtu mkali."

Yule mama akaenda zake amefurahi. Michiyo akageuza uso kwenye mabonde, ila mabega yalimsaliti.

"Dada, nisamehe."

"Nilikusamehe asubuhi ileile. Ungekuwa mtu mwingine ningekunyonga kwa mshipi, lakini wewe nilikusamehe." Tokie akamshika mkono. Vidole vilikuwa baridi, vyepesi. "Na kosa si lako peke yako. Miaka thelathini ilikuwa kwenye kabati, waridi, inaniangalia. Nani alinizuia? Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole." Akapumua kwa shida. "Kitu kimoja tu nakuomba. Wote waseme. Hawajui, waache waseme. Wewe usiniambie nimependeza."

Michiyo alikuwa nalo neno lile mdomoni tangu kituo cha treni. Alikuwa amepanga atalisema hapohapo, juu ya mlima, kwa maana ni kweli alipendeza. Akalimeza.

Tokie alifariki mvua za Juni zilipoanza. Wakamvika nguo nyeupe ya safari ya wafu, na juu yake, ndani ya jeneza, wakatandaza ile kimono ya majivu, kwa kuwa ndiyo iliyojulikana kuwa kipenzi chake. Mji mzima ulikuja, hata waliokuwa wakivuka barabara. Bi Hosoda alikuja akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Walipita mmojammoja kumuaga marehemu, na mmojammoja walimgeukia Michiyo wakamwambia jinsi dada yake alivyopendeza, jinsi rangi ilivyomkaa, alivyojua kuvaa mpaka mwisho.

Kila mmoja Michiyo alimwinamia. Wote walisema. Yeye peke yake hakusema.