Mguu wa Akonaay

Msimu ule wa sabini na sita, timu ya Masakta iliumia mtu mmoja mmoja, na wala si uwanjani. Golikipa alipigwa teke na punda akichota maji. Kiungo alijikata kidole cha mguu kwa jembe. Mabeki wawili, ndugu wa tumbo moja, walidondoka kutoka kwenye tela la trekta walikokuwa wamekalia magunia ya mbegu. Mmoja akaumia mkono, mwingine mbavu. Winga wa kushoto ndiye aliyetia fora: aliteleza juu ya paa akimsaidia mwenzake kuezeka nyumba katika kijiji kipya, akavunjika mtulinga. Kufika mwezi wa pili, na fainali ya kombe dhidi ya Gehandu inabisha hodi, Masakta ilibakiwa na mtu mmoja tu wa kufunga magoli. Huyo ni Akonaay, winga wa kulia, mtoto pekee wa mama mjane aitwaye Letisia.

Mashabiki wakakaa kikao. Mwenyekiti wao alikuwa Isidori, mtu wa sauti kubwa hata akiomba chumvi.

"Ndugu zangu, adui yetu si Gehandu," alisema. "Adui yetu ni kazi!"

Halafu akageuka haraka kutazama mlangoni, asije akawa katibu wa tawi la chama yuko pale. Hakuwepo. Basi wakakata shauri: kila mchezaji aliyebaki mzima atakuwa na shabiki wa kumlimia ngwe yake katika shamba la kijiji, yeye akae mbali na jembe, punda, paa na trekta mpaka fainali ipite.

Ngwe ya Akonaay aliiomba Kasian. Kasian alikuwa mkulima wa miaka arobaini na kitu, na Masakta ikifungwa ugali haukumpita kooni siku mbili. Mkewe alishazoea kupika kidogo. Tena akajitwika na kazi ya pili, kufukia mashimo ya fuko uwanjani. Mashimo hayo si mchezo. Ukitupia udongo juu juu, fuko anachimbua tena usiku. Inabidi uchimbe mpaka ulipo mkondo wake, ujaze mawe, ushindilie.

Letisia hakutaka mwanawe acheze. Alimfuata Kasian nyumbani kwake, akasimama uani bila kukaa.

"Baba Verediana, mume wangu nimeshazika. Huyu akivunjika mguu, nani atashika plau? Mimi?"

"Mama Akonaay, mguu wa mwanao uko mikononi mwangu," Kasian alijibu. "Ukipata hata mchubuko, njoo unidai mimi."

Letisia akamtazama sana. "Haya. Nimekukabidhi," alisema, akaondoka.

Ijumaa, siku moja kabla ya fainali, Kasian alikuwa uwanjani tangu asubuhi. Alishafukia mashimo kumi na moja. La kumi na mbili lilikuwa upande wa shule, kulia mwa goli, na lilikuwa baya: alichimba mpaka likamfika gotini ndipo akaupata mkondo. Hapo hapo akasikia filimbi ya shambani. Msimamizi wa kazi alikuwa ametangaza kwamba ambaye ngwe yake haijapaliliwa mpaka jua kuzama, kesho haendi mpirani, atabaki na jembe. Ngwe ya Akonaay ilikuwa haijaguswa hata nusu!

Mawe yalikuwa mbali, kule bondeni. Na Isidori alisema atapita jioni kukagua. Kasian, badala ya kuliacha shimo wazi watu walione na kulisema, akalaza vijiti juu, akapanga mabonge ya udongo yenye majani yake, akayakanyagia pembeni vizuri. Ukipita huoni kitu. Kesho alfajiri nitakuja na mawe, alijiambia, akakimbilia shambani. Mficha uchi hazai, wazee walisema, lakini nani humkumbuka mzee wakati ana haraka?

Alfajiri aliamshwa kwenda kuchinja mbuzi wa wageni. Akachinja, akachuna, akapasua kuni, akabeba mabenchi. Shimo lilimtoka kichwani kabisa, na angeweza kuapa mbele ya padri.

Alilikumbuka amesimama kwenye mstari, refa akiwa na filimbi mdomoni. Aliangalia upande wa shule kuona goli limefungwa nyavu vizuri, akaona duara dogo la majani yaliyonyauka katikati ya majani mabichi. Mama yangu!

Na refa, mwalimu mgeni kutoka Tanga, alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kusoma onyo. Kwa kuwa katika nusu fainali mashabiki waliingia wakamkimbiza mshika kibendera, kamati imeamua: shabiki yeyote atakayevuka mstari kabla ya mpira kwisha, timu yake imepoteza mchezo na kombe linakwenda kwa wenzao. Pya! Mpira ukaanza.

Kipindi cha kwanza Masakta walishambulia goli la upande wa mlima, kwa hiyo waliokuwa wakikimbilia kwenye shimo walikuwa Gehandu. Winga wao alilipita mara mbili, mara ya pili kwa hatua moja tu. Na Kasian, Mungu amsamehe, aliwaza: basi huyu atumbukie, yaishe. Wazo hilo likamtia aibu mpaka masikio yakawaka moto. Gehandu nao si ni watoto wa watu? Ng'ambo ya uwanja Letisia alikuwa amekaa chini, shuka mabegani, mikono imeshikana mapajani. Hakushangilia hata mara moja. Alikuwa anaangalia miguu ya mwanawe tu.

Mapumziko yalipofika, hakuna goli hata moja. Sasa timu zitabadilishana pande, na upande wa kulia wa goli la shule utakuwa njia ya Akonaay. Kasian akamwendea refa aliyekuwa anakunywa maji. Akafungua mdomo. Kabla neno halijatoka, mkono mzito ukamwangukia begani.

"Ndugu wageni!" Isidori alinguruma. "Mtu mwenyewe ndiye huyu! Uwanja huu ameutengeneza peke yake. Kama kuna shimo hata moja, mimi nitalala humo!"

Wageni wakapiga makofi. Refa akamgeukia. "Ulikuwa unataka kusema nini, mzee?"

"Hapana, mwalimu," Kasian alisema. "Nilikuwa nakusalimia tu."

Mwoga mkubwa! Alijitukana hivyo mwenyewe, huku akitafuta pa kupitia. Akamkuta Akonaay anafunga kamba za viatu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Sikiliza, mwanangu. Kipindi hiki chezea katikati. Huku kulia usipite."

Akonaay akacheka. "Baba mdogo, mimi si winga wa kulia? Leo najisikia mwepesi, we tulia tu." Akakimbilia uwanjani kabla Kasian hajalitaja shimo.

Dakika zile zilimchoma. Mara ya kwanza Akonaay alipata mpira, akakata ndani. Kasian akashusha pumzi. Mara ya pili akaangushwa mbali, akainuka anajipangusa. Watu wakaimba, Kasian akawa anahesabu hatua. Anajua kombe hilo Masakta hawajawahi kulishika. Anajua akivuka mstari hatakuwa na pa kuweka uso, yeye na mkewe na Verediana wake. Labda mpira hautafika kule. Labda vijiti vitashika.

Ukapigwa mpira mrefu. Akonaay akautuliza kwa kifua, akampita beki wa kwanza, akainamisha kichwa. Kasian alimjua: akiinamisha kichwa hivyo, anakwenda na mstari mpaka mwisho. Mbele yake hapakuwa na mtu. Palikuwa na yale majani yaliyonyauka.

"Shimo!" Kasian alipiga kelele. "Akonaay, shimo!" Nani angemsikia, watu wote wanapiga kelele?

Akavuka mstari. Alikimbia na viatu vyake vya tairi, mikono hewani, nia yake asimame mbele ya shimo amzuie kijana. Lakini mbio za mtu mzima hazina breki. Mguu wake wa kushoto ukaingia mpaka gotini, mwili ukaenda mbele, na mfupa ukalia kama bua kavu. Akonaay akamruka, akasimama. Mpira ukajiendea zake nje.

Refa akapiga filimbi ndefu.

Watu walikuja na ngumi, Isidori mbele yao. Walipofika wakaona mguu ulivyozama, vijiti vimevunjika pembeni, ngumi zikashuka.

"Ulijua?" Isidori aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Tangu jana."

"Na mapumziko, nilipokuwa nakusifu, ulijua?"

"Nilijua."

Isidori akamtazama, akageuka, akaenda zake. Gehandu waliondoka na kombe juu ya tela, wakiimba mpaka sauti zikapotelea bondeni.

Margwe, fundi wa mifupa, alimnyoosha mguu na kuufunga vijiti. Jumapili hakuna shabiki aliyekuja kumjulia hali. Jumatatu filimbi ya shambani ililia, mkewe akaenda kwenye ngwe yake mwenyewe, na Kasian akabaki kitandani akiwaza ya kwake, nani ataipalilia, nani atakubali hata kuulizwa.

Mlango ukasukumwa. Akaingia Letisia na kibuyu cha maziwa ya moto.

"Baba Verediana, kwa nini ulinyamaza?"

"Niliona aibu, mama Akonaay."

"Aibu yako nusura inimalizie mtoto!" Letisia alisema kwa ukali, na Kasian akainamisha macho, maana ilikuwa kweli. Mama yule akakaa kwanza, ndipo akaendelea. "Nilikukabidhi mguu. Nimekuja kukuambia nimeupokea."

Akaufungua mlango wote. Chini, katika shamba la kijiji, kwenye ngwe ya Kasian, Akonaay alikuwa anapalilia peke yake, amekanyaga udongo kwa miguu yote miwili.

Kasian alitazama mpaka machozi yakamziba macho. Letisia akammiminia maziwa, akamwambia anywe kabla hayajapoa.